Safari ndefu ya pikipiki ukiwa peke yako: kwa nini umakini unakata saa ya mwisho?

Cheni Kavu (mwanzisha uzi)
Wakuu salaam. Ukisafiri peke yako kwa pikipiki kutwa nzima, kwa nini umakini hukata saa ya mwisho na si katikati ya safari? Sizungumzii usingizi. Macho yako wazi kabisa, lakini unaingia kona na gia isiyo yake, breki unaishika umechelewa, unapita kibao na baada ya dakika moja hujui kiliandikwa nini. Mchana jua linawaka uko vizuri, zikibaki kilomita 60 ufike unaendesha kama umeanza kujifunza jana. Wenye uzoefu wa masafa mnalielezaje hili, na siku mnaipangaje? Tafadhali tusiambiane "pumzika mara kwa mara", hiyo naijua.

#2 Gia ya Sita
Pumzika mara kwa mara.
Haya, imeshasemwa, atakayeirudia afungiwe. Naweka kigoda hapa nisubiri wenye nondo.

#3 Mbavu za Upepo
Ni kelele, mkuu. Wengi hudhani kelele ya pikipiki ni ya ekzosi, kumbe inayokumaliza ni ya upepo unaopiga kofia. Ukigusa kilomita 100 kwa saa, ndani ya kofia nyingi sauti inafika desibeli 100 hivi. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, imeweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Pigeni hesabu: kwenye 100 mtu anabaki na dakika 15. Wewe unakaa humo saa saba halafu unashangaa jioni kichwa hakifanyi kazi.
Tafuta vizibo vya masikio vya sponji. Kifinye kwa vidole kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, ingiza, kisha kishikilie mpaka kivimbe. Wengi wanaosema havisaidii wamevibandika mlangoni tu.

#4 Lami Mpya
Vizibo? Honi ya lori utaisikiaje?

#5 Mbavu za Upepo
#4 utaisikia. Kizibo kinashusha vyote kwa pamoja, upepo na honi, na upepo ndio uliokuwa unaimeza honi. Ila uliza sheria za unakopita, kuna nchi zina masharti kuhusu kuziba masikio ukiwa barabarani.

#6 Zamu ya Usiku
Habari zenu. Mimi ni muuguzi na jibu langu ni maji. Mpanda pikipiki hajioni akitoka jasho kwa sababu upepo unalikausha kabla halijatiririka. Ukipoteza maji yanayofikia asilimia 2 ya uzito wako, kwa mtu wa kilo 70 ni kama lita moja na nusu, umakini unaanza kushuka, na wala huhisi kiu ya kutisha. Hiyo lita na nusu utaipoteza lini? Alasiri. Madhara utayaona lini? Saa ile ile anayoisema Cheni Kavu.
Angalia rangi ya mkojo kila unaposimama. Ukiwa wa njano iliyokolea, umeshachelewa.

#7 Gia ya Sita
Nikinywa hivyo si nitasimama kila nusu saa?

#8 Zamu ya Usiku
Na ndicho tunachotaka. Mbona umeelewa haraka hivyo.

#9 Mwalimu wa Kona
Nawaheshimu, lakini saa ya mwisho haina uhusiano na masikio wala figo. Akili imetangulia kufika. Ukiona kibao kinasema zimebaki 60 tayari unafikiria kuoga, kulala, nani umpigie simu. Nafundisha watu kuendesha na hili naliona hata kwenye mazoezi ya nusu siku: mwanafunzi anaanguka akigeuza kuegesha, si kwenye zoezi gumu.
Mimi siku moja naipangia vituo viwili vya kulala, cha karibu na cha mbali. Saa nane mchana nasimama, nazima injini, ndipo naamua ni kipi. Sifanyi uamuzi huo juu ya pikipiki ikiwa inatembea, kwa sababu juu ya pikipiki jibu ni lile lile siku zote: cha mbali. Na sehemu ya kulala ya mbali silipii mapema. Ukishalipa, pesa ndiyo inayoendesha.

#10 Takwimu Tupu
Subirini kwanza. Nani amethibitisha kwamba saa ya mwisho ndiyo ya hatari? Uchunguzi wa Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California, uliotoka 1981, ulifuatilia ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles, wachunguzi wakifika penyewe. Walikuta nyingi zilikuwa za safari fupi, na zilitokea muda mfupi baada ya mtu kuondoka, karibu na alikoanzia. Kama robo tatu zilikuwa za kugongana na chombo kingine, na katika hizo theluthi mbili mwenye chombo kingine ndiye aliyemnyima mwenye pikipiki haki yake ya kupita. Kwa hiyo mimi ningeogopa dakika 10 za kwanza, tena kwenye makutano.
Saa ya mwisho unaikumbuka kwa sababu ndiyo ya mwisho. Ukishuka, hiyo ndiyo iliyo mbichi kichwani.

#11 Cheni Kavu
#10 ahsante, ila hao walikuwa watu wa mjini wanaokwenda dukani na kwa marafiki. Mtu anayekwenda kilomita 600 peke yake ni jambo jingine. Halafu swali langu ni la umakini, ajali sikuitaja.

#12 Takwimu Tupu
Basi huo umakini umeupima kwa kifaa gani?

#13 Fundi Spoku
Mnamsema mpandaji tu. Pikipiki uliyoondoka nayo asubuhi si hiyo unayofika nayo jioni, na hakuna aliyegusa hapo.
Cheni imekula vumbi kutwa, inakuwa na pale inapokaza na pale inapolegea. Ukifungua mafuta kwenye kona unapata mshtuko mdogo ambao asubuhi haukuwepo. Mzigo wa nyuma umetambaa nyuma sentimita nne, tano, sukani imekuwa nyepesi, na kwa kuwa umetambaa polepole hukuona. Breki unaitumia zaidi kuliko unavyodhani. Vyote hivyo unavifidia kwa mikono bila kujua, halafu unasema umechoka.
Kituo cha alasiri mimi sikiiti mapumziko. Nashika mzigo kwa mikono miwili nautikisa. Nasukuma pikipiki mbele kidogo kidogo huku naibonyeza cheni kwa kidole, natafuta pale ilipokaza kuliko kwingine, maana ulegevu unapimwa hapo. Vitabu vya watengenezaji wengi hutaja kulainisha cheni kila kilomita 500 hadi 1,000. Ukipita mvua au vumbi usisubiri namba. Upepo wa tairi napima asubuhi tairi likiwa baridi, kwa sababu likishapata moto namba inapanda na itakudanganya. Ukibeba mzigo, fuata namba ya mzigo iliyo kwenye kibandiko, si ile ya kila siku.

#14 Lami Mpya
Fundi, tairi langu lina kashata (meno ya tairi) nzuri tu lakini nimelinunua na pikipiki iliyotumika. Umri wake nitaujuaje?

#15 Fundi Spoku
Tafuta ubavuni maandishi DOT. Mwishoni kuna tarakimu nne ndani ya umbo la yai. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wakati mwingine tarakimu hizo ziko upande mmoja tu, zungukia wa pili. Kashata inaweza kuwa nzima na mpira umeshakuwa mgumu, hasa kwa pikipiki iliyokaa sana, na mpira mgumu kwenye lami yenye maji haukushikii chochote.

#16 Jicho la Kuume
Sababu ni jua, na sijui kwa nini tumefika #16 bila kulitaja. Saa ya mwisho kwa wengi ni saa ya jioni. Likiwa mbele yako unajua huoni, unapunguza mwendo. Hatari ni likiwa nyuma yako. Wewe unaona kila kitu kimepakwa dhahabu, unajisikia raha, kumbe dereva anayekuja mbele ana jua machoni, na wewe uko ndani ya mng'ao huo, hakuoni. Tazama kivuli chako. Kikiwa kirefu na kimelala mbele ya tairi lako, chukulia kwamba kila anayetaka kukata kushoto au kulia mbele yako hajakuona. Taa ikiwaka isikupe moyo, imezama kwenye jua.

#17 Gia ya Sita
Hii ya kivuli sijawahi kuisikia popote. Uzi umeanza kulipa.

#18 Takwimu Tupu
#16 hiyo nakubali, na hao madereva wa Hurt wengi walisema hawakuiona pikipiki, au waliiona wakiwa wamechelewa. Niongeze giza. Kwenye 90 kwa saa unakwenda mita 25 kila sekunde. Weka sekunde moja na nusu ya kushtuka, ni mita 37. Breki nzuri kwenye lami kavu zitahitaji mita 45 nyingine. Jumla 80 na kitu. Taa ya chini ya pikipiki nyingi inakuonyesha vizuri mita 50 au zaidi kidogo. Sasa mnyama amesimama mita 70. Ukimuona hata uwe bingwa utamfikia. Na ukisinzia sekunde nne tu kwa mwendo huo, umekwenda mita 100 bila dereva.

#19 Mama wa Masafa
Hodi. Mwenye uzi ameandika "peke yako" na ninyi mnajadili kelele na kivuli, mambo yanayompata hata aliye kwenye msafara.
Mkiwa wawili, wa nyuma anaona mapema kuliko wewe. Anaona umeanza kuutambalia mstari wa kati, anaona umeacha kutazama vioo, anakuwashia taa. Ukiwa peke yako hakuna wa kukuambia, na aliyechoka ndiye wa mwisho kujua kwamba amechoka. Nimejiwekea dalili zangu mwenyewe. Nikisahau kuzima indiketa baada ya kukata kona, nasimama panapofuata. Sijadiliani na nafsi. Indiketa moja, kituo kimoja.
La pili ni mtu wa nyumbani. Kumwambia "nitakupigia nikifika" si mpango. Mpe njia utakayopita, namba ya pikipiki, unakolala, na saa ya mwisho: isipofika simu hadi saa mbili usiku anipigie, nisipopatikana hadi saa tatu awapigie hawa, hatua kwa hatua. Na ukibadilisha njia mwambie kabla hujaingia, maana watakutafuta kwenye barabara ambayo hukupita.
Vituoni watu watakuuliza unakwenda wapi. Mimi hutaja mji wa mbele zaidi ya ninakolala, na siku zote kuna mwenzangu "yuko nyuma anakuja".

#20 Lami Mpya
Dada, hiyo ya mwenzako yuko nyuma nimeicheka na nimeichukua.

#21 Setelaiti
#19 umenipa njia. Pasipo na mtandao kuna vifaa vya aina mbili na watu wanavichanganya. Kuna kile cha dharura tupu, unachomoa antena, unabonyeza, kinatuma kwa masafa ya 406 MHz kwenda mfumo wa kimataifa wa Cospas-Sarsat na waokoaji wanapewa ulipo. Hakina ada ya mwezi, lakini lazima ukisajili kwanza, na huwezi kuandika "nimepata pancha, msiogope". Kingine ni cha kutuma na kupokea ujumbe, mfano Garmin inReach, hicho kina ada lakini unaongea na watu. Kwa anayesafiri peke yake mimi ningechukua cha pili, kwa sababu matatizo mengi ya njiani si ya kufa.

#22 Gia ya Sita
Simu za siku hizi si zinafika setelaiti zenyewe?

#23 Setelaiti
Baadhi. iPhone ilianza na toleo la 14 mwaka 2022, lakini huduma ipo kwenye nchi kadhaa tu, na inataka uione mbingu na uielekeze simu kwa mkono. Mkono ukiwa umevunjika je? Angalia orodha ya nchi kabla hujaitegemea. 112 nayo ni namba ya kujaribu kwenye simu yoyote hata ukiwa nchi usiyoijua, ila lazima kuwe na mnara wa kampuni fulani karibu.

#24 Zamu ya Usiku
Kifaa chochote mtakachonunua kikae mwilini, mfuko wa koti, si kwenye boksi la pikipiki. Ukianguka, wewe na pikipiki hamtui mahali pamoja. Inaweza kuwa bondeni na wewe uko juu na mguu hauinuki.
Na wale wanaoandika kundi la damu kwenye kofia: hospitali itapima upya hata kama umeliandika kwa dhahabu. Andika dawa unazotumia, zinazokudhuru, magonjwa uliyonayo, na namba ya mtu. Mkimkuta mwenzenu ameanguka na anapumua, msimvue kofia, fungueni kioo tu mumsemeshe. Mnaivua iwapo hapumui au anakabwa, na hapo awepo mmoja anayeshika kichwa na shingo visicheze.

#25 Lami Mpya
Swali la pembeni wakuu. Mimi nina pikipiki ya cc 125. Nisubiri nipate kubwa ndipo nianze masafa?

#26 Mwalimu wa Kona
Mwaka 1973 Mfaransa Anne-France Dautheville aliizunguka dunia peke yake kwa Kawasaki ya 125. Kinachobadilika ni ramani: unakwenda njia za mwendo mdogo, unagawa siku kwa saa badala ya kilomita. Milimani injini yoyote isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kila mita 1,000 unazopanda, na ya 125 haina ya kupoteza, kwa hiyo kuovateki lori kwenye mlima sahau.

#27 Gia ya Sita
Wakati wengine wanatafuta cheti cha Iron Butt cha maili 1,000 ndani ya saa 24. Kilomita 1,609, makalio ya chuma kweli.

#28 Fundi Spoku
Na hao ndio wapangaji wakubwa kuliko sisi. Wanajua kila kituo cha mafuta kabla hawajawasha. Mtu anayepanga kwa kubahatisha hakifikii hicho cheti. Tukiwa hapo kwenye mafuta: tenki langu nalihesabu theluthi mbili tu. Upepo wa mbele ukikukuta siku nzima ulaji unapanda mpaka unashika tenki ukiangalia kama linavuja.

#29 Bila Koti
Mimi naona ni joto tu. Mnavaa makoti mazito, mnapikwa polepole, saa ya mwisho mmeiva. Vaa shati, upepo ukupige.

#30 Mbavu za Upepo
Jina na hoja vimelingana. Hewa ikishapita nyuzi 35 hivi, joto la ngozi, upepo peke yake haukupoozi tena, unakuongezea joto na kukukausha jasho kabla halijakusaidia. Loweka fulana ya ndani, vaa koti juu, acha matundu machache wazi. Utakaa na ubaridi muda mrefu kuliko wa shati, na ukianguka ngozi unabaki nayo.

#31 Mama wa Masafa
Na baridi msiisahau. Kwenye nyuzi 10, mwendo wa 90, uso ulio wazi unahisi kama nyuzi 4. Vidole vikianza kufa ganzi breki unaishika kwa kukisia. Jioni jua linaondoka, joto linashuka, na hapo hapo ndio mtu anasema "nimebakiza kidogo sisimami kuvaa".

#32 Mwalimu wa Kona
#31 "nimebakiza kidogo". Mnarudi kwangu wenyewe.

#33 Zamu ya Usiku
Hatujarudi popote. Mwenye maji ya kutosha hasemi "nimebakiza kidogo", anasimama kwa lazima. Kwa mwenye usingizi, kahawa inachukua kama nusu saa kufanya kazi. Inywe, kisha lala dakika 15 hadi 20 pembeni ya barabara mahali salama, utaamka inaanza kushika. Ila hiyo ni ya kukufikisha kitandani, haiongezi kilomita 300.

#34 Cheni Kavu
Wakuu nimerudi. Nimekwenda masafa na vizibo vya #3, maji ya #6, na mzigo nimeukagua alasiri kama Fundi alivyosema. Saa ya mwisho nimeingia nikiwa safi kuliko kawaida, vibao nimevisoma. Nadhani ni masikio.

#35 Zamu ya Usiku
Ulikunywa maji halafu unasifu vizibo!

#36 Takwimu Tupu
Umebadilisha vitu vitatu kwa mpigo, hujui hata kimoja kimefanya nini. Rudia njia hiyo hiyo na vizibo bila kuongeza maji, kisha maji bila vizibo. Uandike kila kituo.

#37 Jicho la Kuume
Na ulifika saa ngapi? Kama ulifika jua bado liko juu, hayo yote hayahesabiki.

#38 Cheni Kavu
Saa kumi jioni.

#39 Jicho la Kuume
Ahaa.

#40 Mwalimu wa Kona
Na kituo cha kulala ulikuwa umelipia?

#41 Cheni Kavu
Sikuwa nimelipia, nilifuata yako ya vituo viwili. Nikalala cha karibu.

#42 Gia ya Sita
Sasa kila mtu humu ameshinda. Mimi nauliza la kwangu: hivyo vya sponji vinafuliwa au unatupa?

#43 Mbavu za Upepo
Tupa. Vikichafuka au vikikataa kuvimba vinaleta maambukizi na havizuii kitu. Beba jozi za akiba kwenye kijibati, kimoja lazima kitaanguka kituo cha mafuta na hutakiokota.

#44 Fundi Spoku
Lami Mpya, tarakimu za tairi umeziona? Zilete hapa kabla hujaondoka na hiyo 125.

#45 Lami Mpya
La mbele 4120. La nyuma 0811.

#46 Fundi Spoku
La nyuma litoe leo.